Kwenu Munaomuita Muzee Kasiksi

Siku ya kuniaga kazini mulinikalisha kwenye kiti cha plastiki, mukanipa sucré, soda baridi, mukaniambia, "Maman Vumi, sema neno." Nikasema asante, nikakaa. Mulidhani ni haya za mwanamuke muzee. Haya gani? Nilikuwa na hasira, na mutu mwenye hasira akipewa mikro mbele ya watoto wa patron, bosi wetu wa zamani, anaharibia watu chakula. Ndiyo maana naandika. Someni wakati moto umezimwa, na musimuambie Bahati mpaka mumalize.

Nitaandika habari za kazi, kwa sababu kuna mambo munayafanya vibaya na nimechoka kuyaangalia. Lakini naandika hasa kwa ajili ya jina la mutu mumoja. Yule muzee kipofu aliyekuwa anawafinyia muchanga, munayemuita Muzee Kasiksi, hakunywa pombe maisha yake yote. Hilo ndilo neno nililokuwa nalo siku ile. Yanayofuata ni jinsi mambo yalivyokuwa.

Niliingia kwenye atelier, karakana yetu ya sufuria, nikiwa bado na nguvu za shingo. Ilikuwa nyuma ya soko la Nyawera, hapa Bukavu, mabati machache juu ya miti ya mikaratusi, meusi kwa moshi. Nilikuja kuomba kazi ya kubeba sufuria kupeleka sokoni. Patron aliniangalia mikono, akasema nianze kwa kuchekecha muchanga. Wanaume wakacheka. Mwanamuke alikuwa wa kuuza sufuria, si wa kuitengeneza, na hata leo kuna wenu wanaofikiri hivyo, ila wanaogopa ulimi wangu.

Mutu mumoja tu ndiye hakucheka, Papa Zihalirwa, aliyekuwa muyeyushaji wetu. Alikuwa mufupi, mukimya, nyusi zimeungua zamani na hazikuota tena, rozari mufukoni. Kila asubuhi alikuja na jerikani dogo la mutobe. Kwa nyinyi ambao hamukukulia huku: mutobe ni maji matamu ya ndizi, yamekamuliwa tu, hata mutoto anakunywa. Ukiyatia mutama yakachacha ndipo yanakuwa kasiksi, na kasiksi ni pombe. Mutobe wake ulikamuliwa na mukewe alfajiri ile ile. Pombe aliikataa mbele ya padiri siku ya kipaimara chake, kwa sababu baba yake alikunywa shamba lote mpaka likaisha, na watoto wakabaki wanalima kwa watu.

Siku ile ya kwanza alinijazia kiganja muchanga.

"Maman, finya."

Nikafinya.

"Fungua. Sasa ivunje."

Donge likavunjika katikati, safi, bila kumwagika.

"Njo ile. Ikivunjika vile, inakutaka. Ikisambaa, iko kavu sana. Ikikulowesha mukono, ikimbie."

"Nikimbie muchanga, Papa?"

"Kimbia. Miye niko nakimbiaka. Sina haya."

Muchanga wetu ulitoka Sange, kule uwandani, ukaletwa na lori. Mwembamba, wenye udongo kidogo sana wa kuushikanisha. Ulikuwa unashika umbo la sufuria mpaka alama za vidole vya aliyeitengeneza zinaonekana. Unapanga masanduku mawili, unaweka sufuria ya mufano katikati, unashindilia, unanyunyiza unga wa makala ya kupikia ili visishikane, unatenganisha, unatoa mufano, unarudisha, na pale palipobaki wazi ndipo unamwaga. Munajua. Lakini munashindilia kama munatwanga majani ya sombe. Muchanga unahitaji kupumua. Mukiushindilia hivyo, hewa inapita wapi?

Sasa alumini yenyewe. Watu wanaisifu kwa wepesi, na ni kweli, maman anabeba sufuria ya watu wote wa nyumba kwa mukono mumoja na mutoto kwa mwingine. Wanaisifu kwa kueneza moto, na ni kweli pia, maharage yanachemka pembeni sawa na katikati. Nyanya na vitu vichachu vinaifanya nyeusi, hilo muuzaji hasemi. Lakini jambo la kujua kwanza ni kwamba inaficha. Chuma kina adabu: kikipata moto kinakuwa chekundu na kila mutu anakaa mbali. Alumini inayeyuka mapema, kabla haijabadilika rangi, makala na feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli vinatosha. Imekwisha kuwa maji na bado inakuangalia nyeupe, imetulia kama maziwa kwenye bakuli. Hata tone likianguka chini likaganda linafanana na kipande cha jana. Papa Zihalirwa alikuwa hasemi "iko moto". Alikuwa anasema "inaficha", na sote tulijua tusiguse.

Alipima kwa kijiti cha mwanzi. Akikizamisha na kikatoka kimeshikwa na metali, bado. Kikitoka kimeungua na safi, tayari. Juu ya chungu alumini inajivika ngozi muda ule ule inapoona hewa, na ngozi hiyo inaondolewa polepole kwa ukingo wa mwiko. Hapa niseme wazi: acheni kukoroga! Si bugali. Ukikoroga unaitumbukiza ngozi ndani, na sufuria inatoka na makovu.

Alinifundisha pia kuchagua vyuma chakavu. Sumaku kwanza, kikishikwa na sumaku, kitupe upande. Pistoni ni nzuri, vifuniko vya injini ni vizuri, waya wa umeme ni laini mno lakini unachanganyika vizuri. Mikono ya milango ya magari ina sura ya alumini na si alumini. Iweke kiganjani, kama inakuvuta chini, imekudanganya. Na risasi ya betri isikaribie chungu. Mwaka uliopita nilimukuta mumoja wenu, sitamutaja, anatupa kipande cha betri ndani ili kijaze. Nilimupiga kofi, na ningemupiga jingine kama mukono usingeniuma. Kuna maman atapikia mutoto uji ndani ya ile sufuria. Ni sumu, hainuki, haina ladha, na wewe utakuwa umelala zako.

Nilipojifunza kupanga umbo la sufuria mwenyewe, Papa Zihalirwa hakunipa sifa yoyote. Alifinya muchanga wangu, akauangalia, akamwaga. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Wateja walikuja kutoka Bagira, Walungu, hata ng'ambo ya uwanda, na waliuliza kama sufuria ni "za muzee". Sufuria ya muzee haikuvuja. Kuna maman aliyeturudishia moja anasema imetoboka, tukaimwagia maji, ikakaa kavu. Kumbe ilikuwa ya atelier nyingine, alitaka tu kubadilishiwa. Papa Zihalirwa alimukaribisha mutobe, akamuambia, "Maman, kama unataka yetu, omba yetu."

Basi, sasa nafika pale.

Ilikuwa majira ya mvua nyingi. Familia moja ilikuwa na mutoto wao anayepadirishwa, na munajua upadirisho kwetu: ukoo mzima, parokia nzima, na wale ambao hawakualikwa. Waliagiza sufuria kubwa za kupikia watu wote hao, zile ambazo mutoto anaweza kujificha ndani. Patron aliahidi zitakuwa tayari kabla ya Jumapili. Lakini lori la muchanga halikuja. Barabara ya uwandani ilifungwa, kulikuwa na masasi, bunduki zinalia, dereva alirudi njiani. Patron hakutaka kusikia. Alituma watu Kasha, kwa mutu aliyekuwa anachimba kilima ajenge nyumba, wakaleta udongo mwekundu kwenye magunia yaliyolowa.

Papa Zihalirwa aliufinya. Akafungua kiganja, akamunyooshea patron. Kiganja kilikuwa kinang'aa kwa maji.

"Patron, hii hapana."

"Muzee, udongo ni udongo."

"Ikauke kwanza. Tuianike juu ya makala. Kiisha nitamwaga."

"Kiisha lini? Jumapili padiri iko anasoma misa! Batu batakula mu mikono?"

"Bakule mu mikono. Habatakufa."

Nilicheka. Patron hakucheka. Aligeuka akamuita Bahati, ambaye wakati huo alikuwa fundi wa kupanga muchanga kama mimi, ameoa karibuni, na hakuwahi kumwaga sufuria kubwa hata moja. "Bahati! Muzee ameogopa. Weye utamwaga."

Bahati alichukua kikombe kirefu cha chuma cha kumwagia. Alikishika karibu na ukingo wake, pale moto ungemufikia vidole. Papa Zihalirwa alimutazama, akanitazama mimi, akaweka rozari vizuri mufukoni. Kisha akamunyang'anya kile kikombe.

"Leta. Kama ni lazima imwagwe, miye njo namwaga. Weye enda simama kule, nyuma ya ukuta. Vumi, na weye."

"Papa, tuache," nikamuambia. "Twende nyumbani sote."

"Tukienda, atamwaga Bahati. Enda kule."

Nilikwenda. Nilisimama ukutani na kichwa nje, kwa sababu sijawahi kuwa mutu wa kutii kabisa. Alimwaga polepole, mwembamba, kama anamwagia mutoto maji ya kuoga. Sanduku likanguruma kwa ndani. Akarudi hatua nyuma, na muda ule ule likatapika. Maji yaliyokuwa ndani ya udongo yaligeuka mvuke, yakakosa pa kupita, yakaitupa alumini juu, yote, usoni pake.

Alipiga magoti. Hakupiga kelele. Nilimushika mabega, nikawa namumwagia maji, nalia mimi kwa niaba yake. Neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Bahati iko muzima?"

Nikamuambia yuko muzima.

"Basi," akasema.

Macho yote mawili hayakurudi. Madaktari walifanya walichoweza.

Chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, alifika jioni ile pamoja na wakubwa wa ile familia, kuuliza nini kimetokea. Patron aliwapokea kwa heshima zote. Akainama chini ya meza, akainua jerikani la Papa Zihalirwa, akalitikisa mbele ya watu.

"Munaona? Muzee alikuwa amekunywa. Kasiksi, mu kazi, mbele ya moto. Mungu amemuachia roho."

Nikasema, "Ile ni mutobe!"

Patron akamupa Bahati lile jerikani. "Weye ulikuwa hapa. Nusa. Sema."

Bahati alinusa. Alinusa muda mrefu, mutu angedhani anasali humo ndani. Kisha akasema, "Ni kasiksi."

Nililinyakua, nikanywa mbele yao wote mpaka likaisha, tamu tupu, sukari tupu. Nikawaambia haya, munuse na kinywa changu. Wakubwa wakaangaliana. Mumoja akasema kwa upole, "Maman, na weye unakunywaka mu kazi?" Watu wakacheka kidogo, na maneno yakaishia hapo. Ndivyo ukweli ulivyozikwa siku ile, nimeumeza mimi mwenyewe pamoja na ushahidi wake.

Nilimungoja Bahati njiani. "Ju ya nini?" nikamuuliza.

"Vumi, bibi yangu iko na mimba. Banifukuze?"

Nilimuelewa. Kumuelewa na kumusamehe ni vitu viwili, na cha pili hakijanijia mpaka leo. Yeye ndiye mukubwa wenu wa kazi sasa. Anajua kazi, sitadanganya. Ana macho mawili mazuri ya kuifanyia.

Baadaye sufuria zetu zilianza kuvuja. Muchanga wa Sange ulirudi, lakini hakuna aliyejua kuupima vile, hata mimi nilikuwa nakosea mara kwa mara. Wateja wakaanza kuuliza, "Hizi ni za muzee?" Ndipo patron, bila aibu hata kidogo, akatuma mutu nyumbani kwa Papa Zihalirwa: aje akae tu, afinye muchanga. Akaja, ameshikwa mukono na binti yake Furaha. Nilimuambia, "Papa, unarudi kwa mutu aliyekuharibia jina?" Akajibu, "Muchanga haikunifanya kitu, Vumi. Nikae nyumbani nisikilize kuku?"

Patron alimutumia mpaka siku patron mwenyewe alipokufa, na lile neno hakulirudisha. Angelirudishaje? Angelirudisha, lingemuangukia yeye.

Nyinyi mukaingia kazini mumoja mumoja, mukamukuta pale amekaa juu ya sanduku, uso umekunjamana, anafinya na kusema "inakutaka" au "ikimbie". Mukauliza alipofuka vipi, mukaambiwa kasiksi. Haikuwa ubaya wenu. Mukaanza kumuita Muzee Kasiksi, kwa kicheko, kama munavyomuita mwenzenu mwingine Mafuta kwa unene wake. Mwanzoni alikuwa anajibu. "Muzee Kasiksi, jambo!" "Jambo. Ninaitwa Zihalirwa." Mukacheka. Kesho yake tena. "Ninaitwa Zihalirwa." Mimi nilikuwa nawagombeza, munasema, "Maman Vumi naye! Ni mchezo." Mwaka ukapita, na mwingine, na kuna asubuhi mulimusalimia hivyo akajibu "Jambo" peke yake. Hamukuona tofauti. Mimi nilikuwa naelekea kisimani na ndoo, nikaiweka chini, nikakaa juu yake.

Munajua jina hilo lilifanya nini nje? Furaha alipotakiwa kuolewa, wazee wa upande wa mwanaume waliuliza kama kweli baba yake ni yule mulevi wa sufuria, na kama ulevi uko katika ukoo. Papa Zihalirwa alikuwa amekaa pale pale, kipofu, si kiziwi. Alisema, "Mutoto wangu hajui hata harufu yake." Wakasema ahsante, watafikiri. Walifikiri mpaka leo. Furaha akaolewa baadaye na mwingine, mwalimu, mutu mwema, lakini yule wa kwanza ndiye alikuwa moyoni.

Papa Zihalirwa alikufa katika mvua hizi tunazomaliza. Mulilia, niliwaona. Mulimupenda, hapo sibishani na mutu, na ndiyo inayonikata zaidi. Mulichagua pistoni safi, mukachekecha muchanga vizuri kuliko munavyochekecha kwa wateja, na Bahati mwenyewe akamwaga kibao cha kuweka kwenye musalaba. Kikatoka kizuri sana. Herufi zimenyooka, hakuna tundu hata moja. MUZEE KASIKSI, PUMZIKA KWA AMANI. Mukakipigilia pale makaburini, Bahati akakipangusa kwa mukono wa shati, machozi yanamutiririka.

Nilimuvuta pembeni. "Bahati, toa hiyo kitu."

"Vumi, ni jina ya mapendo. Batoto banamupenda na jina ile."

"Ni jina yenye ulimupa weye."

Akanipa kisogo. Nikamuendea Furaha, nikitegemea yeye atasema. Alikuwa amechoka, kitambaa kimemuangukia mabegani. "Maman, acha," akaniambia. "Papa mwenyewe aliachaka kubisha. Siye tutabisha mpaka wapi?"

Nilirudi nyumbani. Sikulala vizuri siku nyingi, na nitawaambia kwa nini, kwa sababu ni jambo la kazi. Mungeandika kwenye mbao, ningewangojea mchwa. Mungeandika kwenye chuma, ningeingojea mvua ya Bukavu, ingekula herufi zote nikiwa bado hai. Lakini mulitumia alumini, na alumini hailiwi na kutu. Ile ngozi yake inailinda. Watoto wa Furaha watazeeka, watapeleka watoto wao pale, na watasoma, wazi kama leo, kwamba babu yao alikuwa pombe.

Nasikia munauliza nani aliyeharibu kibao. Nasikia munawashuku watoto wanaookota vyuma, na kuna wenu wanaotaka kuwatafuta wawapige. Waacheni watoto wa watu. Mwizi angeondoka na kibao chote. Ilikuwa mimi, Vumilia, muchana kweupe, na tupa yangu ya kazi.

Mulisahau kwamba ni metali laini. Nilikaa juu ya udongo ambao bado haujashuka, nikakwangua herufi moja baada ya nyingine, vumbi jeupe likajaa kwenye kitenge changu. Kibao kilikuwa kinacheza kwa sababu mulitumia misumari mifupi, hata hilo ningewaambia. Nilikuwa nimefika katikati ya jina, ndipo Furaha akatokea na maua yake. Nikajua sasa nafukuzwa. Alisimama, akaangalia, akayaweka maua chini. Kisha akapiga magoti upande wa pili na kukishika kibao kwa mikono miwili ili kisicheze.

Tumeacha PUMZIKA KWA AMANI. Juu yake hapana kitu. Jina lake sikuliandika. Kuandika si kwa tupa, na si mimi niliyemunyang'anya jina hilo. Bahati anajua linavyoandikwa. Moto munao.